MWENDO MKALI UPEWE UWANJA WAKE

Askari wa usalama barabarani aliyewahi kupima kwa futi kamba alama za matairi mahali palipotokea ajali anajua jambo ambalo madereva wengi hawapendi kulisikia. Anajua ya kwamba dereva aliyeacha alama zile alikanyaga breki kwa nguvu zake zote, lakini barabara ilikwisha kabla mwendo haujakwisha. Mara nyingi dereva huyo huwa kijana, gari lake huwa zuri, na shauri lote huwa lilianza kwa mchezo tu.

Kupenda mwendo si jambo geni kwa binadamu. Tangu enzi za farasi na ngamia, za mashua na ngalawa, vijana wameshindana wapate kujua nani mwenye chombo chepesi. Wazee wenye hekima hawakujaribu kuling'oa pendo hilo. Walilitengea mahali pake na siku yake. Katika makala hii twataka kuwaeleza ndugu zetu wa majeshi na wa polisi jinsi nchi nyingine zilivyoutengea mwendo wa magari mahali pake, hata ikawa leo mtu wa kawaida, mwenye gari dogo la spoti analoendea kazini, aweza kulipeleka uwanjani siku ya mapumziko, akalikimbiza kadiri ya uwezo wake, kisha akarudi nalo nyumbani jioni. Mchezo huo ni wa ridhaa. Hauna mshahara, na aghalabu hauna hata kikombe. Lakini ndani yake mna mafunzo yanayomfaa kila anayeshika usukani wa gari la kikosi.

BARABARA ZA UMMA ZASHINDWA

Mwanzoni magari yalishindana katika barabara zile zile za wapita njia, mikokoteni na mifugo. Tarehe 24 Mei, 1903, magari na pikipiki zaidi ya 200 yaliondoka Versailles, karibu na Paris, yakielekea Madrid, mji mkuu wa Hispania. Watazamaji walijipanga kandokando ya barabara bila kizuizi chochote, na vumbi lilikuwa zito hata dereva wa nyuma hakumwona aliyemtangulia. Mfaransa Fernand Gabriel, aliyetumia muda mfupi kuliko wote kufika Bordeaux, alikwenda kwa wastani wa kilomita 105 kwa saa, tena kwa gari ambalo breki zake hazikuweza kulinganishwa na za gari lolote la siku hizi.

Ajali za siku hiyo ziliua watu kadhaa. Miongoni mwao alikuwamo Marcel Renault, mmoja wa ndugu walioanzisha kampuni ya magari ya Renault, na alikuwamo pia askari mmoja aliyejitosa barabarani kumwokoa mtoto. Serikali ya Ufaransa iliyasimamisha mashindano yalipofika Bordeaux. Magari yale yaliyokuwa fahari ya asubuhi yakavutwa na farasi hadi stesheni ya gari moshi.

Mwaka huo huo Uingereza ilitunga sheria iliyoweka kikomo cha maili 20 kwa saa, yaani kama kilomita 32, kwa magari yote ya barabarani. Watengenezaji wa magari walilalamika kwamba hawana tena mahali pa kuyajaribu. Mwenye shamba mmoja, Hugh Locke King, akatoa jibu. Katika ardhi yake mwenyewe huko Brooklands, kusini-magharibi ya London, alijenga njia ya saruji ya mviringo, yenye urefu wa kilomita 4.4 na kona zilizoinuliwa upande wa nje mfano wa bakuli. Ilifunguliwa mwaka 1907, nayo ndiyo ya kwanza duniani kujengwa mahsusi kwa mbio za magari. Hapo ndipo ulipopatikana mpango ambao haujabadilika hadi leo: sheria ikaze barabarani, na lango la uwanja lifunguliwe pembeni.

VIWANJA VYA NDEGE ZA VITA

Ndugu zetu wanajeshi huenda wakapendezwa kusikia kwamba mchezo huu, kwa jinsi unavyochezwa na watu wa kawaida, ulikua katika ardhi ya jeshi. Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939, Brooklands ilifungwa na kuachiwa kazi ya kuunda ndege, wala mbio hazikurudi tena pale. Lakini vita vilipomalizika, Uingereza ilijikuta na viwanja vingi vya ndege visivyo na kazi. Kila kimoja kilikuwa na barabara ya lami au saruji iliyokizunguka, ambayo ndege ziliipita kwenda kurukia. Mtu hahitaji kuwa mhandisi ili aone kwamba barabara ya namna hiyo, iliyo mbali na nyumba na haina wapita njia, yafaa kwa magari.

Ndivyo ilivyokuwa. Goodwood, palipokuwa kituo cha ndege za kivita wakati Uingereza ilipojihami dhidi ya Wajerumani mwaka 1940, palifanyika mbio za magari kwa mara ya kwanza mwezi Septemba, 1948. Silverstone, kilichokuwa kituo cha ndege za kutupa mabomu, kilifuata tarehe 2 Oktoba mwaka huo huo. Snetterton, Thruxton na Castle Combe navyo vina historia hiyo hiyo. Viwanja hivyo vyote vingali vikitumika, na mwenye gari lake aweza kukodi nafasi ya siku moja katika vingi vyao.

Marekani nako jambo hili lililetwa kwa sehemu kubwa na askari. Vijana wa Kimarekani waliotumikia jeshi Uingereza walikuwa wameviona vigari vidogo vya MG, vyenye viti viwili na paa la kukunja, wakavitamani. Chama cha wapenzi wa magari ya spoti cha nchi hiyo, kiitwacho SCCA, kiliundwa mwaka 1944. Tarehe 2 Oktoba, 1948, siku ile ile ya Silverstone, wanachama wake walishindana katika barabara za mji mdogo wa Watkins Glen, jimbo la New York. Kwa miaka michache watu walifurahi. Kisha, mwaka 1952, gari moja liliwagonga watazamaji waliokuwa kando ya barabara mjini humo, na mtoto wa kiume akafa. Kosa la mwaka 1903 lilikuwa limerudiwa, nalo likadai malipo yale yale.

Aliyewafungulia mlango alikuwa Jenerali Curtis LeMay, kamanda wa ndege za masafa marefu za kubeba mabomu, naye mwenyewe alikuwa mpenzi mkubwa wa magari ya spoti. Kuanzia mwaka 1952 aliwaruhusu wanachama kushindana katika vituo vya ndege vilivyokuwa chini ya amri yake. Watazamaji walilipa kiingilio, na fedha zilizopatikana zilisaidia kuboresha makazi na starehe za askari wa vituo hivyo. Mpango huo ulidumu hadi mwaka 1954, baada ya kutokea manung'uniko katika Bunge la Marekani kwamba mali ya jeshi yatumika kwa mchezo. Hatuna haja ya kuamua nani alikuwa na haki. Yatosha kusema kwamba miaka hiyo michache iliwapa wanachama muda wa kujenga viwanja vyao wenyewe. Road America, katika jimbo la Wisconsin, ulifunguliwa mwaka 1955, na uwanja wa kudumu wa Watkins Glen ukafuata mwaka 1956.

GARI LILE LILE LA KUENDEA KAZINI

Wengi hudhani kwamba anayekwenda uwanjani sharti awe tajiri mwenye gari la injini kubwa. Ukweli ni kinyume cha hayo. Gari linalopendwa mno na watu wa mchezo huu ni Mazda MX-5, lililoonyeshwa kwa mara ya kwanza huko Chicago mwezi Februari, 1989. Wajapani waliolibuni waliviiga vile vigari vidogo vya Kiingereza vilivyowavutia askari wa Kimarekani, wakaondoa kasoro ya kuvuja mafuta na kuharibika njiani. Gari la kwanza la namna hiyo lilikuwa na injini ya lita 1.6 yenye nguvu za farasi karibu 115 tu, na uzito wake haukufika tani moja. Injini iko mbele, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, na uzito umegawanyika karibu sawasawa kati ya mbele na nyuma. Kufikia mwezi Aprili, 2016, yalikuwa yametengenezwa magari 1,000,000 ya jina hilo.

Kwa nini gari lenye nguvu kidogo lipendwe uwanjani? Kwa sababu humfundisha dereva. Gari lenye nguvu nyingi humfichia makosa yake: akikosea kona, hukanyaga mafuta katika mnyoofu akaurudisha muda alioupoteza. Gari dogo halina msamaha huo. Anayetaka kwenda upesi sharti apite kona vizuri, na anayetaka kupita kona vizuri sharti ajifunze. Tena gari jepesi halichomi breki upesi, matairi yake hudumu, na vipuri vyake havimfilisi mwenyewe.

NGAZI TATU

Mwanafunzi wa mchezo huu aghalabu hupanda ngazi tatu. Ya kwanza ni mbio za koni. Katika kiwanja cha kuegesha magari au njia ya ndege isiyotumika, hupangwa koni za plastiki zinazochora njia yenye kona nyingi. Magari huingia moja moja, na mshindi ni mwenye muda mfupi zaidi. Katika mashindano ya SCCA kila koni iangushwayo humwongezea dereva sekunde 2. Mwendo wenyewe haupiti sana ule wa barabara kuu, na anayekosea hugonga koni tu. Tangu mwaka 2009 mashindano ya taifa ya aina hiyo yamekuwa yakifanyika Lincoln, jimbo la Nebraska, katika ardhi iliyokuwa kituo cha jeshi la anga.

Ngazi ya pili ni siku ya uwanjani, ambapo magari mengi huingia pamoja katika uwanja wa mbio lakini hakuna kushindana. Ngazi ya tatu ni mbio zenyewe, ambazo zahitaji leseni ya michezo, mavazi yasiyoshika moto, na fremu ya vyuma ndani ya gari ya kumkinga dereva likipinduka. Gari la ngazi hiyo mara nyingi halifai tena kwa barabara. Kwa hiyo mwenye gari la kawaida husimama zaidi katika ngazi ya pili, nasi twataka kuieleza kwa kirefu.

SIKU YENYEWE

Alfajiri magari hujipanga langoni. Kila dereva huonyesha leseni yake na kutia sahihi hati ya kukubali kwamba ameijua hatari. Gari hukaguliwa: nati za magurudumu zimekazwa? Betri imefungwa imara? Kuna mahali mafuta yanapovuja? Unene wa pedi za breki watosha? Kila kitu kilegelege hutolewa, kuanzia jeki na tairi la akiba hadi chupa ya maji iliyosahauliwa chini ya kiti, kwani chupa ikiviringika chini ya pedali ya breki yaweza kuua.

Kisha hufuata mkutano wa maelekezo. Asiyehudhuria haingii uwanjani, hata akiwa bingwa. Hapo hufundishwa lugha ya bendera, nayo ni ya kijeshi kabisa kwa ufupi wake. Ya manjano maana yake kuna hatari mbele, punguza mwendo wala usimpite mtu. Yenye milia ya manjano na nyekundu yaonya kwamba njia yateleza. Ya buluu yakuarifu kwamba nyuma yako yuko mwenye mwendo kuliko wewe. Nyeusi ikielekezwa kwako, toka uwanjani uende ukaonane na wasimamizi. Nyekundu yasimamisha kila kitu: wote hupunguza mwendo na kurudi kwa utaratibu. Yenye miraba meusi na meupe yaeleza kwamba zamu imekwisha.

Madereva hugawanywa katika makundi matatu, yaani wanaoanza, wa kati na wazoefu. Kila kundi hukaa uwanjani kama dakika 20, kisha hupumzika wakati wengine wakiingia. Mizunguko ya kwanza ni ya polepole nyuma ya gari la kiongozi. Anayeanza huketi na mkufunzi kando yake. Kumpita mwenzio ni kwa idhini: katika viwanja vingi aliye mbele ndiye anayenyoosha mkono kumwonyesha wa nyuma upande wa kupita, na asiponyoosha, wa nyuma husubiri. Katika siku za namna hii huko Uingereza hata kupima muda kwa saa kumekatazwa, maana mtu akiishika saa mkononi, kesho yake hushika kiburi.

Adhabu kubwa kuliko zote haiko katika kanuni. Bima ya kawaida ya gari aghalabu haimlipi mtu aliyeumiza gari lake uwanjani. Gari analolikimbiza ndilo litakalompeleka kazini Jumatatu, na pengine deni lake benki halijakwisha. Akilivunja, amevunja mali yake mwenyewe mbele ya macho yake mwenyewe. Ndiyo maana wazoefu huonekana watulivu kuliko wageni.

YANAYOFUNDISHWA NA TAIRI

Somo la kwanza ni hesabu ya mwendo. Mwendo ukizidi mara mbili, nguvu inayobebwa na gari huzidi mara nne. Gari zuri katika lami kavu laweza kusimama kwa mita 20 hivi baada ya breki kushika, likiwa katika kilomita 60 kwa saa. Katika kilomita 120 lahitaji kama mita 80. Tena hapo hatujaongeza muda wa kuona na kuamua: katika sekunde moja tu, gari la kilomita 120 kwa saa huwa limekwisha pita mita 33. Mtu aweza kuisoma hesabu hii kitabuni akaisahau. Akiionja uwanjani, kona ikimjia usoni wakati gari lingali likikimbia, haisahau tena.

Somo la pili ni kwamba tairi lina kiasi chake cha kushika ardhi, na kiasi hicho hugawanywa. Likitumika lote kwa breki, hakuna kilichobaki cha kukata kona. Likitumika lote kwa kona, hakuna kilichobaki cha breki. Kwa hiyo dereva hufundishwa kufunga breki gari likiwa limenyooka, kuachia taratibu huku akianza kukata, kuligusa pembe la ndani la kona, kisha kulirudishia mafuta usukani ukianza kunyooka. Anayeingia konani kwa adabu hutoka kwa nguvu. Anayeingia kwa pupa hutokea majanini. Na macho yake hayatazami boneti. Hutazama mbali, mahali anapotaka kwenda, maana mikono huyafuata macho. Madereva wengi hugonga mti kwa kuukodolea macho.

Somo la tatu lahusu mafuta ya breki. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka. Yale yenye alama ya DOT 4 yakiwa mapya hayachemki mpaka yafikie angalau nyuzi 230 za Sentigredi; yakisha kunywa maji, kiwango hicho chaweza kushuka hadi nyuzi 155. Breki zikipata moto sana, mafuta huchemka, mapovu huingia katika mabomba, na pedali huzama hadi sakafuni bila gari kusimama. Uwanjani dereva hulijua jambo hili baada ya mizunguko michache, akiwa na nafasi pana ya kujiokoa. Dereva wa lori la kikosi hulijua katikati ya mteremko wa mlima, akiwa na watu 20 nyuma. Kwa hiyo mafuta ya breki yabadilishwe kwa wakati wake, na mteremko uteremkwe kwa gia ndogo, injini isaidie kulizuia gari.

Polisi wa London waliutambua mapema uhusiano huu. Katika miaka ya 1930, walipoona magari yao wenyewe yanapata ajali nyingi, walianzisha chuo cha udereva huko Hendon, wakamwita Earl wa Cottenham, aliyekuwa dereva wa mbio, awe mshauri wao. Hakuwafundisha kukimbia. Aliwafundisha mpango: kila hatari iendewe kwa hatua zile zile na kwa mfuatano ule ule, yaani mahali pa kukaa barabarani, ishara, mwendo, gia, na mwisho kuongeza mafuta. Mafundisho hayo ndiyo chimbuko la kitabu cha udereva wa polisi wa Uingereza kiitwacho Roadcraft, kilichochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1955, ambacho hadi leo hutumiwa, kikiwa kimerekebishwa mara kadhaa.

JEHANAMU YA KIJANI

Hata hivyo tusimdanganye msomaji kwamba uwanja huondoa hatari yote. Katika milima ya Eifel nchini Ujerumani kuna njia iitwayo Nürburgring, iliyojengwa kuanzia mwaka 1925 ili pamoja na mambo mengine kuwapatia kazi watu wasio na ajira, ikafunguliwa mwezi Juni, 1927. Mzunguko wake wa kaskazini una urefu wa kilomita 20.8, una kona zaidi ya 70, nao hupanda na kushuka msituni kwa tofauti ya mita kama 300. Dereva wa Uskoti, Jackie Stewart, aliuita Jehanamu ya Kijani.

Tarehe 1 Agosti, 1976, gari la Niki Lauda wa Austria lilitoka njiani hapo, likashika moto. Waliomtoa motoni walikuwa madereva wenzake waliosimama na kuliendea gari lake, maana njia ilikuwa ndefu mno kwa waokoaji kuwapo kila mahali. Lauda aliungua vibaya, lakini wiki sita baadaye alirudi kushindana nchini Italia, akamaliza wa nne. Mashindano ya aina hiyo hayakurudi tena katika mzunguko ule, na uwanja mpya mfupi ulifunguliwa kando yake mwaka 1984.

Ajabu ni kwamba mzunguko ule wa kale bado umefunguliwa kwa watu wote. Siku zilizopangwa, mwenye gari lenye kibali cha barabarani hulipa langoni akaingia. Kisheria huhesabiwa kuwa barabara ya kulipia ya upande mmoja: kumpita mwenzio ni kwa kushoto tu, na kushindana au kupima muda ni marufuku. Anayegonga vyuma vya kandokando hutumiwa hesabu ya kuvitengeneza. Watu hufa pale, na wengi wao si wale waliokosa ujuzi; ni waliodhani kwamba kulipa langoni kumewanunulia ujuzi. Uwanja hupunguza idadi ya wasio na hatia wanaoweza kuumizwa. Kumlinda dereva na nafsi yake ni kazi ya dereva mwenyewe.

NA HUKU KWETU

Afrika Mashariki nayo imekwisha pita njia hiyo. Mwaka 1953 yalianzishwa mashindano ya Coronation Safari kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Washindani wa kwanza walikuwa wakazi wa nchi hizi wenye magari ya kawaida kama yalivyouzwa dukani. Kutoka mwanzo huo walipatikana mabingwa wa sifa kubwa. Joginder Singh wa Kenya, fundi wa magari, alishinda mwaka 1965, 1974 na 1976. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala, alishinda mara tano: mwaka 1973, kisha mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982.

Kwa muda wote huo Safari ilikimbiwa katika barabara zilizokuwa wazi kwa mabasi, baiskeli na wachungaji. Miaka ya mwisho, timu kubwa zilitumia helikopta kutangulia magari na kuonya juu ya mifugo na watu walio njiani. Baada ya mwaka 2002 iliondoka katika mashindano ya ubingwa wa dunia. Iliporudi mwaka 2021 ilikuwa imebadilika: magari yalishindana katika njia zilizofungwa, nyingi zikiwa karibu na Naivasha. Kwa hiyo nasi tumefikia pale walipofika Wafaransa mwaka 1903 na Wamarekani mwaka 1952.

Mwenye kazi ya kulinda barabara ana sababu ya kulitafakari jambo hili. Tangu miaka ya 1980 polisi wa baadhi ya miji ya Marekani wamekuwa wakiyapeleka magari yao kwenye viwanja vya mbio fupi za mnyoofu, wakawaalika vijana washindane nao huko badala ya mitaani usiku. Kijana akishindwa na askari uwanjani hucheka, na kesho yake humsalimu. Askari mwenye uwanja wa kumwonyesha kijana ana neno la ziada kupita lile la faini.

Wala kuanza hakuhitaji fedha nyingi. Mbio za koni zahitaji sakafu pana ya lami, koni, saa, ambulensi iliyo tayari, na msimamizi asiyependelea mtu. Vyuo vya udereva vya vikosi vyaweza kuzifanya kuwa sehemu ya mafunzo bila kununua gari hata moja la spoti, kwani kona ya koni humfundisha dereva wa Land Rover yale yale inayomfundisha dereva wa MX-5: afunge breki kabla ya kona, atazame mbali, amjue adui wake ambaye ni haraka.

Jioni, zamu za uwanjani zinapomalizika, wazoefu wana desturi moja. Huzunguka mara ya mwisho polepole, bila kugusa sana breki, ili zipoe. Na wakisimama hawavuti breki ya mkono, isije ikang'ang'ania kwa moto. Kisha hupima upepo wa matairi, hukaza nati za magurudumu, hurudisha tairi la akiba na jeki mahali pake, wakafunga mikanda na kushika barabara ya umma. Hapo hukaa katika mstari wao na kwenda kwa mwendo uliowekwa na sheria. Watoto wanaovuka barabara mbele yao hawana habari kwamba mchana kutwa gari lile lilikuwa likikimbia, wala hawana haja ya kujua.